Kitabu cha ziada kitakachosomwa: mwongozo wa kuchagua fasihi ya vijana, kwa walimu wa Moshi na Arusha

Vitabu teule hatuvichagui sisi. Vinakuja na muhtasari, vinatahiniwa, na mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu anajua riwaya zake hata kabla shule haijafunguliwa. Kwa miaka mingi tumeshinda na Takadini, Watoto wa Mama Ntilie na Joka la Mdimu mpaka wengine tunaweza kuzisimulia usingizini. Orodha hubadilika, hasa sasa baada ya mtaala ulioboreshwa wa 2023, kwa hiyo chukua ya sasa kutoka TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) usitegemee ya mwenzako wa shule jirani. Ukishaipata, kazi ya kuchagua upande huo imekwisha.

Mwongozo huu ni wa kile kitabu kingine: cha klabu ya kusoma, cha kipindi cha maktaba, cha zile wiki mbili za mwisho wa muhula mitihani ikishapita na wanafunzi wanazurura uwanjani, cha likizo ya Juni. Hapo mwalimu ana uhuru, na hapo ndipo mwanafunzi anaweza kuwa msomaji. Kwenye kitabu teule ana njia ya mkato. Ukishuka stendi ukaingia steshenari yoyote utakuta notisi za uchambuzi zimebanwa kwa pini: fani, maudhui, dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, tayari kwa kukaririwa. Nimesahihisha insha zinazotaja dhamira tano za riwaya, zimenyooka kabisa, na mwenye karatasi hajui mhusika mkuu anakoishia. Kitabu cha ziada hakina notisi. Asipokisoma, hana cha kukariri. Kwa hiyo swali la kujiuliza katika kila hatua hapa chini ni moja: je, mtoto huyu atakimaliza bila kusukumwa?

Hatua ya kwanza: jua mipaka yako

Anza na mkuu wa idara, kisha mtaaluma, kisha mkuu wa shule, kwa mpangilio huo. Ukianzia juu utaambiwa "leta kwanza kwa idara" na utakuwa umepoteza wiki. Eleza kwamba ni kitabu cha ziada, sema kitatumika wapi na lini, na acha nakala moja mezani kwa mkuu aisome au angalau aipekue.

Vitabu vya shule vinahitaji ithibati, na Wizara ya Elimu haina utani katika hili. Februari 2023 ilipiga marufuku vitabu 16 visitumike shuleni kwa sababu ya maadili, vikiwamo vya mfululizo mmoja maarufu wa Marekani ambao watoto wengi wa shule za mchepuo wa Kiingereza walikuwa wakiupenda. Unaweza kukubaliana na uamuzi huo au usikubaliane, lakini orodha uwe nayo. Vitabu vya aina hiyo bado vinaweza kukutokea kwenye marobota ya mitumba na kwenye maboksi ya wafadhili, na anayeulizwa kimefikaje shuleni ni wewe.

Maboksi ya wafadhili nayo yana neno lake. Huku kwetu, mlima na mbuga zinaleta wageni, na wageni wanaleta vitabu. Shukuru, pokea, halafu chambua bila huruma. Riwaya ya vijana wa Uingereza ya miaka ya themanini, kurasa mia tatu, kuhusu shule ya farasi, itakaa rafuni mpaka panya waimalize wao.

Hatua ya pili: wajue wasomaji, kwa maandishi

Gawa vipande vya karatasi, wasiandike majina. Usiwaulize wanapenda vitabu gani. Watakuandikia wanachodhani unataka kusikia, na nusu ya darasa watataja Biblia au Kurani. Uliza hivi:

Kitabu gani ulikianza ukakiacha, na uliachia wapi?
Nyumbani nani anasoma kitu chochote, na anasoma nini?
Saa moja usiku huwa uko wapi na unafanya nini?

Swali la tatu ndilo litakalokusaidia zaidi. Shule ya kutwa ya Moshi ina binti ambaye mama yake anauza mitumba Kiboriloni na yeye ndiye anayepika mpaka mama arudi. Ina kijana wa Pasua anayeshinda gereji baada ya masomo, na wengine wanaopanda kwa miguu hadi Old Moshi wakafika giza limeingia. Arusha ni hivyohivyo, ukibadilisha majina: Unga Limited, Kijenge, Ngaramtoni. Mtoto wa namna hiyo ana dakika ishirini za kusoma, pengine kwa mwanga wa simu ya kaka yake. Sura ya kurasa thelathini haimfai. Tafuta kitabu chenye sura za kurasa sita au saba, aweze kumaliza moja alale akiwa na hamu ya nyingine.

Jibu la swali la kwanza nalo lisome kwa makini. Wakiachia ukurasa wa tatu, lugha imewashinda au mwanzo umelala. Wakiachia katikati, hadithi ilisimama. Wakiandika "nilinyang'anywa", basi hicho kitafute haraka, kilikuwa kizuri.

Hatua ya tatu: amua lugha

Kwa kidato cha kwanza sina mjadala: Kiswahili. Mtoto ametoka kusoma karibu kila somo kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, ghafla Jiografia, Baiolojia na Hisabati zimegeuka Kiingereza. Kitabu cha ziada kiwe mahali pa kupumulia. Wapo pia, hasa mabweni ya upande wa Monduli na Longido, ambao Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili baada ya Kimaasai. Hao wape hadithi fupifupi kwanza. African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili za bure mtandaoni, za leseni huria, unaweza kuzichapa; ni za watoto wadogo, lakini kwa anayesoma kwa kusuasua zinatosha kumwondolea woga. Mpe faraghani tu, asichekwe.

Kuanzia kidato cha tatu unaweza kuchanganya. Kwa Kiingereza tumia kipimo cha vidole: mwanafunzi asome ukurasa mmoja wa katikati, kila neno asilolijua akunje kidole. Mkono mzima ukikunjika, kitabu ni kigumu kwake kwa sasa. Zipo riwaya za vijana za Kiingereza zilizoandikwa na Watanzania wenyewe, nyingi zikitokana na Tuzo ya Burt iliyokuwa ikiendeshwa nchini na Mradi wa Vitabu vya Watoto. Ndani yake mna daladala, mna bibi, mna sare iliyofifia, kwa hiyo mwanafunzi anapambana na lugha peke yake bila kupambana pia na theluji.

Kwa Kiswahili fuatilia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na TET, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 2023, na Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Angalizo: tuzo inakuambia kitabu kimeandikwa vizuri. Haikuambii kinamfaa nani. Riwaya nyingi zinazoshinda ni za watu wazima.

Hatua ya nne: soma mwenyewe, mpaka mwisho

Maneno ya jalada la nyuma yameandikwa na anayeuza. Soma kitabu chote ukiwa na penseli, na weka alama katika mambo haya.

Umri wa mhusika mkuu. Vijana husoma kwa kutazama mbele: wa miaka kumi na minne anataka kusoma habari za wa kumi na sita, na wa kumi na sita anaona aibu kukutwa na kitabu cha mtoto wa darasa la tano. Kama kidato cha pili kina wanafunzi wa miaka kumi na nne hadi kumi na minane, kama ilivyo kwenye shule nyingi za kata, chagua kwa kuangalia wakubwa.

Nani anatatua tatizo. Hapa mimi ni mkali. Vitabu vingi vinavyoitwa vya vijana vina kijana anayeteseka kurasa tisini, kisha ukurasa wa tisini na moja anatokea mjomba kutoka mjini, au mfadhili, au mwalimu mwema, analipa ada na mambo yanaisha. Kijana mwenyewe hajafanya lolote. Wanafunzi wanaligundua hili upesi kuliko sisi, kwa sababu mjomba wa namna hiyo wengi wao hawajawahi kumwona. Tafuta kitabu ambacho kijana anaamua jambo, hata kama anaamua vibaya.

Mahubiri. Kuna aina ya hadithi tunayoifahamu sote: binti hakusikia la mkuu, akaenda disko, akapata mimba, akaugua, akafa, wenzake wakajifunza. Kipo kizazi cha vitabu vya kampeni vilivyoandikwa hivyo kwa makusudi wakati UKIMWI unamaliza watu, na vilifanya kazi yake. Leo mwanafunzi akisoma sura mbili anajua nani atakufa. Haogopi tena, anapiga miayo. Kijana akikosea kitabuni, mwandishi aonyeshe kwa nini kosa lile lilionekana jambo la akili wakati ule. Hapo ndipo darasa linabishana.

Mazungumzo. Yasome kwa sauti. Kama vijana wa kitabuni wanaongea kama taarifa ya habari, wanafunzi wako watawacheka wahusika, na mhusika aliyechekwa hana tena wa kumfuata.

Ukimaliza, fanya jaribio la ukurasa wa kwanza. Funga vitabu vinne kwa magazeti ili majalada yasionekane, viandike namba, ingia darasani usome nusu ukurasa wa kila kimoja, bila maelezo. Kisha waandike namba ya kile wanachotaka uendelee nacho. Nimeona kitabu chenye sifa kemkem, kinachoanza kwa aya nzima ya jua kuchomoza nyuma ya Kibo na ndege kuimba, kikipata kura mbili. Kilichoshinda kilianza na msichana ndani ya Hiace, anahesabu sarafu kiganjani, zimepungua mia mbili, na konda ameshafika siti ya nyuma yake. Niliposimama hapo nyuma wakalalamika kwa pamoja: "Aaa, mwalimu!" Sauti hiyo ndiyo unayoitafuta.

Hatua ya tano: mambo mazito, yaandalie majibu

Fasihi ya vijana isiyogusa mapenzi, ulevi wa wazazi, ukatili na kifo si ya vijana. Usivikwepe vitabu hivyo, jipange.

Chukua kitabu chenye ndoa ya utotoni. Siku ya pili tu mtu atauliza, "Kwani mwalimu, sheria inasemaje?" Ukijibu "sheria inakataza" utakuwa umerahisisha mno. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019. Kando ya hilo, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yamefanya kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi kuwa kosa lenye kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021 aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi. Riwaya nyingi zimeandikwa kabla ya hapo: binti anafukuzwa na hadithi inaishia hapo. Waambie ukweli wa sasa, kisha uwaulize hadithi ingebadilika vipi. Ni kipindi kizima hicho.

Ukeketaji ni vivyo hivyo, na kwa mikoa yetu si habari ya mbali. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini darasani huenda yuko aliyekwisha kufanyiwa, amekaa dawati la tatu, anakuangalia. Kabla ya kitabu cha namna hiyo, zungumza na mwalimu wa unasihi. Kamwe usimwite mwanafunzi kwa jina asome aya hiyo kwa sauti. Isome wewe. Na usiulize "nani anajua mtu aliyepatwa na hili?" Uliza kuhusu mhusika: alimwambia nani, kwa nini hakumwambia mama yake, wewe ungemshauri aende kwa nani. Wenye la kwao watalitoa kupitia kwa mhusika, wakitaka.

Wazazi usisubiri wakufuate. Kwenye kikao cha wazazi peleka kitabu, kiwekwe mezani. Mama mmoja alinisimamia kando baada ya kikao.

"Mwalimu, nimeambiwa mnasomesha kitabu cha mapenzi."
"Shikamoo mama. Ni kweli kuna mapenzi ndani. Chukua, ukakisome, ukiona ukurasa unaokusumbua ukunje."
"Mimi nisome?"
"Ndiyo, mama. Kisha tuongee."

Kilirudi na ukurasa mmoja umekunjwa, ule wa baba anayeuza kahawa yote akanywea. Mapenzi hakuyagusia. Si wazazi wote wataishia hivyo. Baba mwingine alikataa katakata na mwanawe nikampa kitabu kingine, bila kelele na bila kumfanya aonekane. Haki hiyo mzazi anayo.

Dini usiisahau. Darasa la Moshi lina Walutheri, Wakatoliki, Waislamu na Wapentekoste kwenye benchi moja. Kitabu kinachomdhihaki sheikh au mchungaji kwa sababu ya dini yake kiache. Kinachoonyesha sheikh au mchungaji aliyekosea kama binadamu hakina shida, mradi si wa dini moja tu kila mara.

Hatua ya sita: nakala

Una wanafunzi sitini na pesa ya vitabu kumi, kama zipo. Usinunue kumi vya aina moja mara ya kwanza. Nunua viwili viwili vya aina tano, uone vipi vinazunguka, muhula unaofuata uongeze hivyo.

Maktaba za mkoa za Moshi na Arusha, za Bodi ya Huduma za Maktaba, nenda mwenyewe uongee na mkutubi kuhusu uanachama wa wanafunzi na kuazima kwa ajili ya shule. Wachapishaji wa Dar es Salaam kama Mkuki na Nyota na E & D Vision wapigie simu moja kwa moja kuhusu punguzo la shule; ukiungana na shule mbili za jirani mkaagiza pamoja, mzigo mmoja wa basi unawatosha wote. Kwenye mitumba nunua ukiwa umeshika orodha ya wizara, na hesabu kurasa kabla ya kulipa, maana hakuna kinachomuudhi kijana kama riwaya isiyo na sura ya mwisho.

Kutoa kopi kitabu kizima, hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inavumilia dondoo kwa kufundishia, haivumilii riwaya nzima kupigwa kopi na kugawiwa darasa. Mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa nakala chache mno tayari. Nakala ikiwa moja, isome kwa sauti, sura moja kila Ijumaa, nao wasikilize. Njia hii walimu wengi wanaidharau, na sijui kwa nini. Mababu zetu wote walipokea hadithi kwa masikio.

Hatua ya saba: kiingize darasani bila kukiua

Swali la kwanza baada ya sura ya kwanza lisiwe "taja dhamira". Ukilitaja neno hilo tu, wanachukua daftari, wanachora mstari, na kitabu kimegeuka notisi. Anza na: nani amekukera? Ungefanya nini pale? Unadhani nini kitatokea? Fani na maudhui waache wajikwae nayo wenyewe, na yatajitokeza, maana wanaobishana kama Fulani alikuwa na haki ya kuiba tayari wanajadili dhamira.

Ukitaka kitabu cha ziada kisaidie kwenye mtihani, kioanishe na kitabu teule. Takadini ni mtoto aliyezaliwa na ualbino, mama yake Sekai akamtorosha ili asiuawe kwa mila. Kando yake weka hadithi nyingine yoyote ya mama anayekimbia na mtoto, hata simulizi watakayoileta kutoka kwa bibi zao. Watoto wa Mama Ntilie ina Lomolomo, baba mlevi. Kando yake weka hadithi ambayo mlevi anapewa nafasi ya kujieleza. Mwanafunzi aliyesoma mbili kwa hiari hahitaji kukariri tofauti zake.

Hatua ya nane: daftari la kuazima

Vifunike kwa nailoni, andika namba kwa kalamu isiyofutika, na daftari mpe mwanafunzi alitunze, si wewe. Safu ziwe jina, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, na moja ambayo madaftari mengi hayana: *aliishia ukurasa gani*. Waambie wazi kwamba kuacha kitabu katikati si kosa wala hakuna adhabu, la sivyo wote wataandika ukurasa wa mwisho. Kila mwisho wa mwezi ipitie safu hiyo. Kitabu ambacho hakijaazimwa muhula mzima badilishana na shule jirani, huenda huko kikapata mtu. Na wanafunzi watatu wakiishia sura ileile, ifungue sura hiyo uisome upya kabla ya kuagiza nakala nyingine.